Mbwa anayejificha nyuma ya tangi: jibu kwa msomaji wa Ngala, Malindi

Swali: Shikamoo daktari. Wiki tano zilizopita nilimtoa mbwa jike kwa bwana mmoja anayezalisha mbwa wa kuuza, huku nje ya Malindi. Ni German Shepherd, ana miaka mitano hivi, na kwa maneno ya huyo bwana ameshazaa mara saba. Alikuwa ndani ya kizimba cha waya chini ya bati, hajawahi kutoka. Nilitoa shilingi elfu nane. Tangu siku ile anakaa nyuma ya tangi la maji. Hali mpaka tuingie ndani. Nikimsogelea hujikojolea, nikimgusa hukauka kama gogo. Usiku tu ndiyo hutoka akalala karibu na mbwa wetu wa kienyeji. Mume wangu asema mbwa gani huyu, hata kubweka hajui, hafai ulinzi. Mama mkwe ni mtu wa swala, hataki apite barazani. Dada yangu ana shamba Watamu na yuko tayari kumchukua hata kesho. Je, nimpe? Au mimi ndiye ninayekosea? Watu wasema alipigwa sana. Hata jina bado hana.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nakujibu la dada yako kwanza: asimchukue kesho, wala mwezi ujao. Na katika barua yako kuna jambo umelipita mbio ambalo mimi nimelisoma mara tatu, kwamba usiku hutoka akalala karibu na mbwa wenu. Kwa mbwa aliyetoka huko alikotoka, hilo ni jambo kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Nitalirudia.

Watu wanakwambia alipigwa. Huenda. Ila si lazima apigwe ndipo awe hivyo. Twasema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wapo mbwa wa namna hiyo, lakini huyu wako nadhani kisa chake ni kingine: ung'ongo wenyewe hajapata kuuona. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kuizoea dunia, tangu wiki ya tatu hivi mpaka ya kumi na mbili au kumi na nne. Anachokutana nacho kwa wema katika wiki hizo hakimtishi tena: mkono wa mtu, mtoto anayekimbia, kishindo cha sufuria, tuktuk, mama aliyevaa buibui, mzee mwenye mkongojo. Asichokutana nacho hukihesabu kuwa ni hatari hadi aone vingine kwa macho yake. Wiki hizo jike wako alizimaliza akitazama waya na bati. Kwa hiyo unaponyoosha mkono umpapase, wewe wajua ni huruma. Yeye aona kitu asichokijua kinamjia juu, na nyuma yake kuna ukuta.

Sasa piga hesabu ya mwili wake. Mbwa jike huwa na joto kila miezi sita au saba hivi. Mimba ni siku 63 kwa wastani, kisha ananyonyesha wiki sita mpaka nane. Kuzaa mara saba akiwa na miaka mitano maana yake karibu hakuna joto lililoachwa lipite. Alikuwa ama ana mimba, ama ananyonyesha, ama anasubiriwa. Biashara hii haikuanzia Malindi. Kule Marekani biashara hii ni kubwa mno, na hata wazalishaji wenye leseni kule kanuni zinawaruhusu kizimba ambacho kila upande wa sakafu unazidi urefu wa mbwa kwa inchi sita tu. Mwaka 2011 watafiti wa huko walichapisha uchunguzi wa mbwa 1,169 waliokuwa wa kuzalishwa katika mashamba ya biashara hiyo kisha wakapata nyumba. Wakilinganishwa na mbwa wa kawaida wa nyumbani, walizidi sana kwa uoga, walizidi kujisaidia ndani ya nyumba, na hawakufundishika upesi. Lakini kwa ukali walikuwa chini. Mwambie mume wako hilo la mwisho, maana nahisi katika maneno yake kuna hofu ya kuumwa. Mbwa kama huyu hutaka kutoweka. Huuma pale tu aliponyimwa njia ya kutoweka.

Hapo ndipo dawa yake ilipo. Mpe njia ya kuondoka. Kila utakalomfanyia, kuanzia leo, lianze kwa swali hili: je, akitaka kwenda zake sasa hivi, anaweza?

Kabla ya hayo lakini, mwili. Mara nyingi tunaita uoga kile ambacho kwa kweli ni maumivu. Tafuta daktari wa mifugo aje nyumbani, usimburute kwenda kliniki katika hali hii. Amtazame fizi: zikiwa zimepauka badala ya kuwa na rangi ya waridi, huenda damu imepungua kwa minyoo ya safura au kwa homa ya kupe, na yote mawili tunayaona sana huku kwetu. Amtazame meno, masikio, matiti kama yana uvimbe, na nyayo, kwa sababu mbwa aliyesimama juu ya waya miaka mitano kucha zake huota vibaya na kukanyaga chini kunamuuma. Apewe dawa ya minyoo na ya kupe. Apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa hata kama yule bwana aliapa kwamba alishapigwa, maadamu hukupewa cheti. Na yeyote akiumwa, hata mchubuko, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupigwa sindano. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hatuna cha kumfanyia.

Kizazi chake kitolewe. Hilo silitilii shaka, ila si wiki hii. Daktari angoje apate nguvu, na kama amekuwa na joto karibuni apishe miezi miwili au mitatu. Kuna ugonjwa mmoja tu usiongoja: usaha ndani ya mfuko wa uzazi. Huja wiki chache baada ya joto, kwa majike wasiofungwa kizazi. Ukimuona anakunywa maji kupita kiasi, anatapika, tumbo limejaa, anatokwa uchafu wenye harufu nyuma, au amezubaa na kukataa kula hata usiku, mpigie daktari saa hiyohiyo. Uoga wake usikuzuie siku hiyo. Mfunikeni kwa blanketi mumbebe.

Sasa la nyuma ya tangi. Umekuwa ukilihesabu kuwa ni tatizo, nami nakuomba ulione kuwa ni chumba chake. Amejichagulia mwenyewe, pengine ndicho kitu cha kwanza alichojichagulia maishani. Pana kivuli, pana ubaridi wa maji, na ukuta unamlinda mgongo. Usimtoe. Mtengenezee hapohapo: gunia au mkeka mkuukuu, kibanda kidogo cha makuti au sanduku la mbao lenye kutokea pande mbili ili asione amezibwa, bakuli la maji lisilokosa. Watoto waambiwe pale hapaendwi. Mtu mwenye mbwa wa namna hii anapoingia pale kwa mikono na magoti ili ambembeleze, amemnyang'anya mahali pekee alipokuwa anapumua.

Chakula kwa saa zilezile, asubuhi na jioni, mkono uleule. Wiki ya kwanza weka bakuli uondoke, kama unavyofanya. Wiki ya pili weka, kisha keti mbali, hatua kumi au kumi na tano, ubavu wako ukiwa upande wake, usimtazame. Chukua kazi ya mikono isiyo na kelele. Chambua mchele, suka ukili, chochote ambacho ungekifanya hata kama yeye hayupo. Mbwa mwoga hutulia akimuona mtu mwenye shughuli zake. Anayekaa bure akimtazama humtia wasiwasi, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyokaa anayewinda. Asipokula, wewe uko karibu mno. Rudi nyuma hatua tano kesho. Akila, usisogee siku hiyo. Ngoja ale mbele yako siku tatu mfululizo, ndipo upunguze hatua moja. Moja tu.

Halafu kuna hili la kurusha kitonge, ambalo wengi hulifanya kinyume. Chukua kipande cha maini yaliyochemshwa, au dagaa waliorowekwa wakatoka chumvi (usimpe mchuzi, vitunguu ni sumu kwa mbwa). Usimnyooshee mkononi. Ukimnyooshea, njaa humvuta mbele na hofu humvuta nyuma, anafika akiwa amejinyoosha kama mwizi, anakwapua, na moyo wake haujatulia hata kidogo. Badala yake kirushe kidogo kidogo kwa chini, kianguke nyuma yake. Anageuka, anaondoka kwako, anakula kwa raha, kisha anajiuliza kama kuna kingine. Atakapogeuka akakutazama, rusha tena, nyuma yake vilevile. Sasa kuja karibu yako kumekuwa ni hiari yake, na kila akija anaruhusiwa kwenda. Baada ya siku nyingi utaona masafa yanapungua yenyewe.

Utajuaje kama umezidisha? Anajilamba mdomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, anageuza uso huku jicho likionyesha weupe pembeni, ananyanyua mguu mmoja wa mbele, amefyata mkia mpaka chini ya tumbo. Hayo ni maneno yake. Yasikie mapema ili asilazimike kusema kwa meno. Na kule kukauka kama gogo unapomgusa, mwanangu, watu wengi wakikuona hukwambia "ameshakubali, mwendelee". Hajakubali. Amekata tamaa ya kukimbia, basi. Acha kumgusa kabisa mpaka aje mwenyewe kukunusa. Atakaponusa, kaa kimya, usimnyooshee mkono kwa furaha. Siku ya kwanza ya kunusa huwa ndiyo siku tunayoiharibu.

Kukojoa pia si uchafu wala kiburi. Ni mwili kuachia kwa hofu. Mwaga maji, usiseme neno. Na ukisikia kwamba kumbembeleza mwoga ni kumzoesha uoga, usikubali. Hofu si tabia ambayo mbwa anaifanya apate tuzo, ni hali inayomfika. Akikukimbilia siku moja wakati wa radi au ngoma za harusi ya jirani, mkae pamoja.

Nirudi kwa mbwa wenu wa kienyeji. Yeye ndiye mwalimu wake, kuliko mimi na wewe. Jike wako hakujifunza kuzoea watu, lakini mbwa anawajua. Anamtazama yule akikujia, akipewa, akikunwa, akarudi salama. Mlishe yule mahali ambapo huyu anaweza kuona. Ongea naye, mchezee, kana kwamba yule wa nyuma ya tangi hayupo. Nimeona majike waliokataa mkono wa mtu miezi minne wakatoka jua likiwaka kwa sababu tu mwenzao alikuwa amelala kibarazani bila wasiwasi. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kumkatalia dada yako: ukimpeleka Watamu leo unamtenga na kiumbe mmoja anayemwamini.

Sababu ya pili ina kovu langu. Miaka mingi nyuma nilikuwa na jike mdogo mweupe, naye katolewa kwenye vizimba. Ilipofika siku ya kumi nikampa familia njema karibu na Mida, nikifurahi kwamba nimemaliza kazi. Siku ya tatu lango lilifunguliwa kumpisha mtu wa mkokoteni wa maji, jike akaichomoa shingo kwenye ukanda, akaingia mikandaani, ndani ya msitu wa mikoko. Tulimwita, tukamkimbiza, vijana wa mtaa wakasaidia, na kila tulipomkaribia alizama ndani zaidi. Mvuvi mmoja mzee ndiye aliyetuambia tunyamaze sote twende nyumbani. Tukaweka chakula na gunia alilokuwa akilalia mahali pamoja, kila magharibi, na karibu na hapo tukamfunga mbwa aliyekuwa ameishi naye kwangu. Jioni ya nne akaja. Alikuwa mifupa mitupu, unyayo umekatwa na chaza. Kosa lilikuwa langu, si la waliompokea. Nilimtoa kabla hajawa na pa kurudia.

Kwa hiyo kwako: lango lifungwe kwa komeo, na kila anayeingia aambiwe kuna mbwa asiyetakiwa kutoka. Atakapokubali kuguswa, avae mkanda wa kifuani pamoja na ukanda wa shingo, kamba mbili, na kibati chenye nambari yako ya simu. Ufukweni bado, sokoni bado. Mbwa wa namna hii hahitaji matembezi miezi ya mwanzo. Ua wenu unamtosha.

Ikiwa mwisho wake itakuwa lazima aende Watamu, basi muhamisho uanze huko kwenu. Dada yako awe anakuja Ngala kila wiki, akae pale unapokaa wewe, achambue mchele huohuo, arushe maini. Aache leso yake nyuma ya tangi. Nyumba yake iwe na ukuta au ua wa kweli, shamba lisilo na ua halifai kabisa hata liwe la ekari ishirini. Siku ya safari apandishwe ndani ya kizimba kilichofunikwa leso, kwenye gari, asipakatwe kwenye bodaboda, na gunia lake liende bila kufuliwa. Ikiwezekana mbwa wenu amsindikize akae naye siku chache. Ningesubiri angalau miezi sita. Na ukiniuliza rai yangu, ningembakisha kwako.

Kuhusu mama mkwe, ana haki yake na ni rahisi kuitimiza. Mimi si shekhe, na la hukumu aulizwe shekhe, lakini nimezaliwa kwenye nyumba ya Kishafii, madhehebu ya Kiislamu ya huku pwani, na najua uzito wa najisi ya mate ya mbwa na wa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Baraza liwe lake. Mbwa abaki upande wa tangi, vyombo vyake viwe na alama na vioshwe kwenye bomba la nje, kamba ya nguo za swala ihamishwe upande wa pili wa nyumba, na wewe uwe na nguo moja ya kumhudumia. Mama mkwe bila shaka anakijua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake amnyweshe mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, akasamehewa. Hana haja ya kumpenda wala kumgusa mbwa huyu. Anachohitaji ni kuhakikishiwa usafi wake, na hilo ni kazi yako kila siku.

Mume wako naye aambiwe wazi: huyu hatakuwa mlinzi. Ulinzi unaye tayari, yule wa kienyeji.

Elfu nane ulizotoa zimeniuma, na sitakuficha. Ulilipa kwa huruma, lakini kwa yule bwana hiyo ni bei ya jike mwingine wa kujaza kizimba. Ukisikia tena wa kuokolewa, usitoe pesa. Nenda ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo na polisi, ueleze ulichokiona: ukubwa wa vizimba, idadi ya mbwa, maji kama yapo. Tunayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na ukatili ni kosa hata kama mbwa ni mali ya mtu. Na jamaa zako wanaotaka kununua mtoto wa mbwa waambie waombe kumuona mama yake, pale alipozalia, akiwa na wanawe. Uingereza wameliweka hilo katika sheria tangu Aprili 2020, ikaitwa kwa jina la Lucy, jike mdogo aliyeokolewa kutoka shamba la kuzalisha akiwa amechakaa. Muuzaji anayekuletea mtoto wa mbwa ndani ya boksi kituo cha matatu, mama yake yuko mahali kama pale alipokuwa huyu wako.

Ukipita mwezi wa tatu bila badiliko lolote, hata la kula mbele yako kwa mbali, niandikie. Zipo dawa za kupunguza hofu, kama fluoksetini, ambazo daktari anaweza kumwandikia. Huchukua wiki nne mpaka sita ndipo zionekane, na hufanya kazi pamoja na haya niliyokueleza, haziyaondoi. Usimpe dawa yoyote ya binadamu kwa kukisia, hata panadol.

Kuna ishara moja nataka uitazamie. Si mkia, mkia utachelewa. Ni namna anavyolala. Sasa hivi nadhani analala amejikunja, kidevu juu ya miguu, tayari kuruka. Siku utakayochungulia dirishani mchana ukamkuta amelala ubavu, miguu kainyoosha, tumbo li wazi, usitoke kumpongeza. Muache alale.

Na jina mpe leo. Fupi, silabi mbili, lisifanane na la yule mwenzake. Usimwitie, maana haji, na kuitwa bila kuja kutalifanya jina kuwa kelele tu. Litamke mara moja kwa sauti ya chini kila jioni, kisha ndipo uweke bakuli.